Njia ya Shangazi Vestina Katikati ya Maparachichi

Ukifika kwetu, upande wa Rungwe Mpya, ukauliza nyumba ya Vestina, hakuna atakayekuonyesha kwa kidole. Watakwambia ufuate pua yako. Shangazi yangu anatengeneza kivunde, yaani unga wa mihogo iliyolowekwa mpaka ikalainika na kuchacha, na mihogo ikiwa katika hali hiyo haijui kujificha. Mimi ninaishi naye tangu nilipoingia kidato cha kwanza, kwa sababu wazazi wangu wako Munanila na shule niliyopangiwa iko huku. Siku za mwanzo nilikuwa napaka mafuta ya kunukia mpaka kwenye daftari. Wenzangu darasani wakasema sasa nanuka kivunde kilichokwenda harusini. Nikaacha.

Shangazi ni mrefu, mwembamba, ana shingo iliyonyooka kama nguzo ya nyumba. Hiyo shingo ameipata kazini. Mihogo yetu ni ile michungu, ukiila mbichi inaweza kukuua, kwa hiyo lazima ilale majini kwanza. Anaimenya nyumbani, anaishusha kwa kikapu mpaka bondeni kwenye vidimbwi vyake karibu na chemchemi, anaifunika kwa majani ya migomba, anaikandamiza kwa mawe. Ikifika siku ambayo muhogo unabonyea chini ya kidole gumba, anaitoa, anachomoa nyuzi za katikati, anaipandisha kilimani ikiwa imekunywa maji, mizito kama mtoto aliyelala. Juu anaianika kwenye chanja, ikikauka anaipeleka mashineni. Unga wake unaliwa Kasulu mjini kwa mama lishe wengi tu, na wapo wanaosema ugali wa mgebuka bila unga wa Vestina ni kupoteza samaki.

Nilidhani kazi hiyo inahitaji mihogo, maji na shingo. Sikujua kwamba inahitaji pia njia. Njia huioni mpaka ifungwe.

Ardhi yetu imekaa hivi. Babu yangu, ambaye ni baba yake shangazi, alivuka kutoka Burundi akiwa kijana mwenye mke na mimba ya mtoto wa kwanza. Aliyempokea hapa ni mzee mmoja Muha mwenye kilima kizima. Yule mzee akamgawia sehemu ya juu ajenge, akamgawia na kipande kidogo bondeni penye chemchemi, apate maji na pa kulowekea mihogo. Katikati akabaki napo mwenyewe, na alipofariki pakawa pa mwanawe, Mzee Pasikali. Miaka ikapita, familia yetu ikapata uraia, kijiji kikapimwa, shangazi akapewa hati ya kimila ya nyumba juu na ya vidimbwi chini. Kati ya juu na chini palikuwa na kijia chembamba kilichokatiza shamba la Pasikali, kimekanyagwa mpaka kimekuwa kigumu kama sakafu. Hakuna aliyefikiria kukitaja popote.

Na kuna adabu moja ya huku. Mtu anayepita kila siku kwenye ardhi ya mwenzake, akivuna, unga wake wa kwanza haupikwi nyumbani kwake. Anaujaza kwenye kikapu kidogo, anampelekea mwenye ardhi, anapiga magoti kidogo na kusema, "Nimekuja kuomba njia." Hata kama asubuhi ile ile ameshapita huku na huku. Mzee Pasikali alikuwa anajibu, "Njia ni yako, acha kikapu." Wanacheka, wanaongea habari za mvua, basi.

Mwaka jana Mzee Pasikali akauza lile shamba la katikati. Watoto wake wako Kibondo, magoti yanamsumbua, na kilima hakitaki mtu wa magoti. Aliyenunua ni Mzee Badru, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasulu mjini. Baba yake Badru alitoka Tanga, na ukimsikia anavyozungumza unajua Kiswahili kwake si lugha ya shuleni. Ni mtu mwema, nasema kweli. Alipokuja kuangalia shamba alisalimia kila mtu, hata watoto, na pikipiki yake aliiacha barabarani asije akakanyaga karanga za watu.

Msimu ulipofika, shangazi akafanya alivyofundishwa. Akajaza kikapu unga wa kwanza, tukamkuta Badru shambani anapima mistari ya mashimo kwa kamba.

"Mzee Badru, nimekuja kuomba njia," shangazi akasema, akainama.

Badru akapokea kikapu kwa mikono miwili. "Mama, huu ukarimu wenu, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Pita tu. Kwa sasa shamba liko wazi, pita."

Siku ya pili akatuletea sukari na sabuni. Shangazi akafurahi. Akasema mjini kumbe nako kuna watu wamelelewa.

Miche ya parachichi ilipofika, mbuzi wa kitongoji wakaiona kabla yetu. Waliila safu nzima ya kwanza. Badru akapanda tena, wakala tena. Siku aliyokuja na vijana, nguzo za mikaratusi na seng'enge, hakuna aliyemlaumu. Tulikuwa tunatazama kwa juu wanavyovuta waya, mimi hata nikaona inapendeza. Jumatatu asubuhi shangazi akashuka na kikapu cha mihogo iliyomenywa, akafika kwenye waya, akasimama. Waya ulikuwa umepita juu ya njia kana kwamba njia haikuwepo.

Badru alikuwa upande wa pili na ndoo ya maji.

"Mzee Badru, mbona umenifungia?"

"Mama Vestina, sikukufungia wewe. Nimefungia mbuzi."

"Mimi sina mbuzi."

"Una njia, na mbuzi wanaijua kuliko wewe."

Shangazi akashusha kikapu. "Sasa nitafikaje kwenye vidimbwi?"

"Si kuna barabara ya shule ya msingi? Unazunguka kwa darajani." Akaweka ndoo chini, akasogea karibu. Hakuwa na hasira. "Mama, tuelewane. Ulikuja ukaniomba, nikakuruhusu, tena kwa moyo mmoja. Sasa miche imefika, ruhusa imekwisha. Mtu anayeomba anaweza kuambiwa ndiyo, na anaweza kuambiwa hapana. Au siyo?"

Shangazi akaushika waya, akauvuta kidogo.

"Tena nina wazo," Badru akaendelea. "Loweka nyumbani. Nitakuletea pipa kutoka dukani, zawadi."

"Maji ya kulijaza nani atayapandisha? Na unga wa kwenye pipa unanuka."

"Kwani huu wa bondeni unanukia?"

Hata shangazi alicheka. Lakini alivyogeuka kurudi nyumbani na kikapu kilichojaa, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Jumamosi iliyofuata tulizunguka. Unapita shule ya msingi, unashuka darajani, unafuata mto kurudi nyuma mpaka kwenye vidimbwi. Kushuka si mbaya. Kurudi na mihogo iliyoloa, kiukweli, ni habari nyingine. Mimi nilibeba nusu ya mzigo wa shangazi, na nilipofika kwenye kilima cha kanisa nilikuwa nimeshasamehe maadui zangu wote. Maji ya mihogo yanakuchuruzika shingoni, huwezi kujifuta. Shangazi alipumzika mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwona. Wiki zilizofuata akaanza kuloweka kidogo, kisha kidogo zaidi. Mama lishe mmoja wa Kasulu akapiga simu kuuliza kama anaumwa. Mwingine hakupiga, alinunua kwingine.

"Kama njia ni ile ya darajani," shangazi aliniambia tukiwa tunamenya, "mimi kivunde basi. Nitauza nyanya kama wenzangu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kesho ni Jumapili. Ila kisu chake kilikuwa kimesimama. Kivunde ndicho kilichonilipia sare, ndicho kilichoezeka bati, na ndicho watu wanachomjulia. Sikuweza kumwona shangazi yangu nyuma ya fungu la nyanya.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Kipindi cha Uraia nikanyoosha mkono, nikamwuliza Mwalimu Saady: mtu anaweza kuwa na haki kwenye ardhi ambayo si yake? Sikutaja majina. Bahati mbaya darasa zima lilijua, likaguna, "Kivunde, kivunde."

Mwalimu akafurahia swali kuliko nilivyotegemea. Akachora ubaoni masanduku matatu, moja juu ya jingine.

"Hii inaitwa haki ya njia," akasema. "Shamba la juu lina shida ya kupita. Shamba la katikati linapitiwa. Angalieni vizuri, nimesema shamba, sijasema mtu. Haki hii inakaa kwenye ardhi kama mzizi. Mwenye shamba la juu akifa, anayerithi anapita. Mwenye shamba la katikati akiuza, anayenunua ananunua na njia ndani yake."

"Kwa hiyo ile njia ni mali ya wa juu?" nikauliza.

"Hapana. Udongo ni wa mwenye shamba la katikati. Wa juu ana haki ya kupita tu. Hawezi kuchimba, hawezi kujenga kibanda, hawezi kuvuna nyasi."

Kijana mmoja nyuma akauliza kama anaweza kupita na trekta. Mwalimu akasema aliyezoea kupita kwa miguu hawezi kuamka asubuhi akapita na lori. Haki inabaki na kipimo chake. Mwingine akauliza kama yeye anayo haki ya njia kupita ofisini kwa mkuu wa shule kwenda jikoni. Akaambiwa ana haki ya kukaa chini.

Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Njia ni yetu, imekwisha. Ndipo mwalimu akaongeza, akiwa anafuta ubao.

"Lakini kuna kitu cha kuangalia. Kama yule wa juu alikuwa anapita kwa hisani tu, ameomba na kuruhusiwa, hiyo si haki. Hisani mtu anaweza kuiondoa. Mara nyingi kesi zinakwama hapo hapo. Huyo mtu wako alikuwa anaomba?"

Nilikaa chini. Nilikuwa naona kikapu cha unga, na shangazi ameinama.

Jioni nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza, mikono yake kwenye maganda.

"Kwa hiyo heshima yangu ndiyo iliyonifungia njia," akasema.

"Shangazi, si lazima tuutaje ule unga. Twende kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji tuseme tu umepita miaka yote."

Akaniangalia kama nimeweka chumvi kwenye chai. "Ule unga umetoka mikononi mwangu. Nitaukanaje mbele ya watu niliowapelekea? We soma, lakini usisome hayo."

Alhamisi baraza likakaa kwenye veranda ya ofisi ya kijiji. Wajumbe saba kwenye benchi, wanaume wanne, wanawake watatu. Mwenyekiti ni Mama Claudine, mkulima wa tangawizi, mwanamke mwenye sauti ndogo ambayo watu wanainama kuisikia. Alianza kwa kusema kazi yao pale ni kupatanisha, hawakuja kumfunga mtu, na asiyeridhika ngazi za juu zipo. Badru alikuja amevaa kanzu safi na viatu vyeusi vinavyong'aa. Shangazi alivaa kitenge chake cha kanisani. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi, maana kesi ya njia kila mtu ana yake nyumbani.

Badru akazungumza kwanza, na alizungumza vizuri mno. Akasema hana ugomvi na Mama Vestina, anamheshimu, amekula unga wake na ni mtamu. Akaeleza mbuzi. Akaeleza miche. Kisha akasema, "Wazee wangu, mwulizeni yeye mwenyewe. Alikuja kuniomba njia. Mtu haombi kilicho chake. Mimi siombi kuingia dukani kwangu."

Watu wakaguna. Mama Claudine akamgeukia shangazi. "Vestina, ulimwomba?"

"Nilimwomba."

"Kwa unga?"

"Kwa unga."

"Na Pasikali naye ulikuwa unamwomba?"

"Kila msimu."

Mjumbe mmoja akatikisa kichwa kwa huruma. Badru akaegemea ukuta. Hakuonyesha furaha, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Alionekana kama mtu ambaye hesabu yake imetimia tu.

Mzee Pasikali alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, fimbo katikati ya magoti. Mama Claudine akamwita kwa jina.

"Mzee Pasikali, ni kweli alikuwa anakuomba?"

"Ego," akajibu kwa Kiha chetu. Ndiyo.

"Na wewe unamjibu nini?"

"Njia ni yako, acha kikapu."

"Je, ungeweza kumjibu hapana?"

Pasikali akaanza kucheka peke yake, mabega yanatikisika, mpaka tukaanza kumcheka yeye.

"Nilishajaribu," akasema.

Mama Claudine akasubiri.

"Kuna mwaka bei ya maharage ilipanda sana. Mimi bado kijana, baba yangu yu hai. Nikaiangalia ile njia, nikaona ni ardhi imelala bure, watu wanaikanyaga tu. Nikailima yote, nikapanda maharage kutoka juu mpaka chini. Sikumwambia mtu. Yakaota vizuri, Mungu ni shahidi. Asubuhi moja huyu Vestina anakuja, msichana bado, kikapu kichwani. Akasimama pale. Akaniambia, 'Mwakeye.' Nikaitikia salamu. Halafu akapita."

"Akapita wapi?"

"Juu ya maharage yangu, wapi tena? Taratibu, kama bibi harusi. Nyuma yake mama yake. Nyuma yake kitongoji kizima chenye ndoo. Kesho yake hivyo hivyo. Nikaenda kumshtaki kwa baba. Nikasema, baba, wale watu uliowapokea wanakanyaga mazao. Baba akaniuliza, 'Nimempa mtu nyumba juu, nimempa maji chini. Ulidhani nimempa na mabawa?' Akaninyang'anya jembe. Yale maharage yaliyobaki niliyang'oa kwa mkono huu, watu wanaangalia."

Veranda nzima ilikuwa inacheka. Mama Claudine hakucheka. Alisogea mbele kwenye benchi.

"Na msimu huo unga ulikuja?"

"Ulikuja. Akapiga magoti, akaomba njia, kana kwamba maharage hayajawahi kuwepo duniani. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze."

"Sasa kama hukuweza kumkatalia, kule kuomba kulikuwa kwa nini?"

Pasikali akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu wanavaa nguo. "Ni adabu. Mgeni uliyemwalika mwenyewe, akifika mlangoni kwako hapigi hodi?"

Nilimwangalia Badru. Alikuwa ametoa mgongo ukutani.

"Hodi naifahamu," akasema polepole. "Kwetu pia asiyepiga hodi hakulelewa. Lakini Mzee Pasikali, mbona siku unaniuzia shamba hukuniambia habari ya njia?"

"Nikuambie nini na wewe ulikuwa umesimama juu yake? Siku ya kwanza ulishuka kwa ile njia mpaka mwisho. Na viatu hivyo hivyo. Bila njia ungepita wapi, kwenye karanga?"

Watu wakaviangalia viatu vya Badru. Badru naye akaviangalia. Nilidhani atakasirika. Akajipangusa uso kwa leso, na nilipoona mdomo wake unacheza nikajua anajizuia kucheka.

"Haya," akasema. "Mabawa hana, mimi siwezi kumpa. Lakini na mimi nisikilizwe. Miche yangu inaliwa. Na mama huyu, samahani, hapiti tu. Anatua kikapu katikati ya shamba, anatandaza mihogo kwenye nyasi ichuje maji, anakaa, anapiga soga, wenzake wanakuja, linakuwa gulio."

Ilikuwa kweli. Pale katikati pana jiwe bapa ambalo amelikalia tangu utoto.

"Vestina," Mama Claudine akasema, "kupita ni kupita. Kuanika si kupita. Gulio ndiyo kabisa."

"Jiwe lile hata Pasikali alilijua ni la kwangu."

"Jiwe ni la mwenye shamba. Utapumzika kwako."

Shangazi alinung'unika kwa Kiha maneno ambayo sitayaandika. Lakini aliyakubali. Majadiliano yakawa marefu, kila mjumbe ana neno, mwishowe wakaelewana. Njia itahamia pembeni, ifuate mpaka wa shamba, isiyagawe maparachichi katikati. Upana wake umtoshe mtu mwenye kikapu kichwani na mwingine anayempisha. Badru ataweka geti dogo juu na jingine chini, yenye komeo na siyo kufuli. Shangazi na wanaokwenda kwenye chemchemi watapita kwa miguu na mizigo yao. Mbuzi hapana, pikipiki hapana. Atakayeacha geti wazi mbuzi wakaingia, atajibu yeye. Na Badru hatapanda wala kujenga juu ya njia, wala mrithi wake, wala atakayenunua kwake. Karani akaambiwa aingize maneno hayo kwenye daftari la ardhi la kijiji, upande wa shamba la shangazi na upande wa shamba la Badru, ili atakayekuja kununua asihitaji kusimuliwa habari za maharage.

"Na unga?" Badru akauliza. "Huo nao unaandikwa?"

"Unga hatuuandiki," Mama Claudine akasema. "Tukiuandika utakuwa kodi. Kaeni na adabu yenu wenyewe."

Wiki hiyo hiyo vijana wa Badru wakakata waya pembeni, juu na chini, wakaweka mageti, wakasafisha njia mpya kufuata mpaka. Ilikuwa na visiki na umande mwingi, haijakanyagwa. Shangazi aliitembea mara ya kwanza bila mzigo, anaipima kwa nyayo, akasema ni mbaya lakini itanyooka. Jumamosi tukashuka na mihogo, na siku ya kutoa ilipofika tukapanda nayo. Yeye mbele na kikapu kikubwa, mimi nyuma na changu cha kujaribia.

Kwenye geti la juu shangazi akasimama. Nilidhani amechoka. Maji ya mihogo yalikuwa yanamchuruzika begani, tone kwa tone, na yeye ananyoosha shingo na kuangalia mbele.

"Mzee Badru," akaita.

Badru alikuwa anamwagilia safu ya karibu. "Naam, mama."

"Komeo lako liko wapi?"

"Si hilo hapo chini. Mbuzi wanasukuma chini, nimeliweka chini."

"Na mimi niiname vipi?"

Badru akatazama komeo, lililokuwa usawa wa magoti, akatazama kikapu. Akaja akafungua mwenyewe. Shangazi hakupita.

"Na kesho atafungua nani?"

"Mama, makubaliano yalisema komeo. Hayakusema liwe wapi."

"Sawa. Basi njoo wewe ubebe."

Badru akacheka, akidhani ni utani. Shangazi alikuwa ameshaanza kushusha, nami nikamsaidia. Tukamwekea Badru kata ya majani kichwani juu ya kofia yake, tukamtwika. Alipotaka kusema kitu, maji yakamwingia kwenye kola, akanyamaza. Shangazi akafunga geti tena, akajitenga pembeni.

"Pita," akamwambia.

Badru akajaribu kuinama. Kikapu kikayumba, akasimama wima haraka. Akajaribu kwa mguu, ncha ya kiatu ikateleza kwenye komeo. Akajaribu kwa mguu mwingine. Akageuza macho tu, maana kichwa hakigeuki.

"Mama Vestina, nitueni."

Tukamtua. Akakaa chini kwenye nyasi zake mwenyewe, anahema, anajinusa bega na kukunja uso. "Na hiki unakipandisha kila wiki?"

"Kikiwa kimejaa kidogo, ndiyo."

"Hiki kimejaa kidogo?"

Shangazi alikuwa anarekebisha kata yake. Badru akainuka, akaenda kwenye boksi lake la vifaa, akarudi na nyundo na misumari. Aling'oa komeo, akamwambia shangazi asimame wima karibu na geti, akalipandisha mpaka usawa wa kiwiko chake, akapigilia. Chini akafunga kipande cha ubao ili mbuzi wasipate pa kusukuma. Alikagua kazi yake kama fundi anayelipwa.

Tukamtwika shangazi kikapu. Akafika getini, akalifungua kwa kiwiko, akapita, akalirudisha kwa kisigino bila kugeuka, akaendelea kupanda kwenda kwenye chanja zake. Mimi nilikuwa bado upande wa ndani, ikabidi nilifungue tena. Badru akangoja nipite, akalitikisa geti mara moja kuhakikisha limefunga, kisha akachukua ndoo yake akarudi kwenye miche.